Kipimo cha Pili

Boksi lilifika Jumanne kwa basi la Dar,
likalala stendi ya Nanenane,
na baridi ya Julai ikaingia mpaka ndani ya katoni.
Mama Atupakisye alilipasua kwa kisu cha kumenyea viazi.
Ndani, vidonge vya rangi, elfu mbili,
njano kama alizeti. Lakini vidogo.

"Gwamaka," akaniambia, "hebu pima."
Nikapima kwa rula ya shule, jicho moja nimelifumba.
Cha zamani, milimita kumi na saba.
Hiki, kumi na mbili na kitu kisichotaka kutamkwa.
Nikakiviringisha kiganjani:
uzito wa harage lililolowekwa usiku kucha.

Miaka minne uwanja wetu, chini ya misindano ya Kawetere,
ulijua saizi moja tu.
Walikuja vijana wa chuo, mabwana wa benki siku za Jumamosi,
wakavaa miwani, wakajibanza nyuma ya matairi na magogo,
wakarudi mjini na michubuko ya zambarau
wanayoonyeshana kama vyeti.
Saizi moja. Aliye mdogo akae na makoti.

Aliyekaa na makoti ni Tusekile.
Miaka tisa, juu ya ndoo iliyofudikizwa,
makoti kumi na mawili mapajani, macho tu ndiyo yanaonekana,
anahesabu milio.
Alijua nani ameishiwa kabla mwenyewe hajajua.

Fundi Anyosisye, anayetutengenezea bunduki,
alisema wawili hawa hawakai nyumba moja.
Na kweli, siku ya kwanza mtu alichanganya:
kidogo kikaingia mtutu mkubwa,
kikatoka chenyewe, bila haraka,
kikadondoka mbele ya kiatu chake
kama mzee anayeshuka kitandani.
Kikubwa nacho kikakwama kwenye mtutu mwembamba.
Tulikichokonoa kwa spoku ya baiskeli, rangi hadi viwikoni.
"Si nilisema?"

Mama hakubishana. Alikwenda sokoni Uyole
akarudi na debe, na sado.
Akaviweka mezani: vikubwa humu, vidogo humu.
"Tangu lini sado imeliua debe?
Mwenye pesa ya gunia atanunua gunia.
Mwenye pesa ya sado
naye ana chungu jikoni."

Jumamosi ukungu ulikaa hadi saa nne.
Watoto sita, miwani imekazwa kwa raba.
Hapo ndipo kesi zilipoanza.
Kidonge kidogo hakiumi, ndiyo,
ila mara nyingine hakipasuki:
kinagonga sweta zito, kinadunda, kinapotea majanini,
na aliyepigwa anasema sijapigwa,
na aliyepiga anaapa kwa bibi yake.
Kikubwa hakikuwa na kesi. Kikubwa kiliandika.

Nilikuwa mwamuzi, nyuma ya gogo la tatu.
Tusekile anatambaa, bendera ipo hatua tano,
nikasikia *tap*,
kama tone moja kwenye bati.
Hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona, nilisikia,
na kusikia si ushahidi.
Akajishika bega. Akatazama vidole: vikavu.
Akaitazama bendera.
Akaitazama tena.

Kisha akasimama, mkono juu,
akatoka akikatiza mbele ya wote, mdomo ameubana,
mpaka kwenye ndoo,
ambako siku hiyo aliyekaa na makoti
alikuwa Anyosisye.
Fundi akanyanyuka, makoti yote mikononi,
akampisha.

Jioni nikifagia nilikikuta,
kizima, njano, kimelala kati ya majani ya msindano.
Nilikifuta kwa shati.
Sikukirudisha kwenye sado.