Ndoo ya Kukhu

Darasa la saba, Butere, mvua ikitwanga mabati,
Mwalimu Shitakha aliandika ubaoni:
Mwingereza akifa, hupiga ndoo teke.
Tulicheka hadi Amboko akateleza chini ya dawati.
Ndoo gani? Ya bati au ya plastiki?
Na maji je, yalimwagika?
"Ni nahau," akasema. "Karirini."

Kwetu mtu hukata kamba,
huipa dunia kisogo,
na sijasikia anayeuliza
kamba yenyewe ilifungwa wapi.

Mwezi wa nane nikaitwa nyumbani kabla ya kengele.
Kukhu amelala, miguu imenyooka.
Kando ya kitanda ndoo yake ya samawati,
ile iliyokuja na mafuta ya kupikia,
imejaa maji ya chemchemi hadi shingoni,
juu yake sahani, juu ya sahani kikombe.
Sakafuni hapakuwa na tone.

Shangazi akahangaikia maji ya kumwosha.
Nikasema, yapo.
Ameyateka mwenyewe.

Mtihani wa muhula ukaja na swali lile lile:
eleza maana, kisha tunga sentensi.
Maana niliandika.
Pa sentensi nikapaacha peupe.