Kina cha Kisima Namba 47

Utepe wangu una mita mia moja
na ncha ya chuma isiyojua kujipendekeza.
Nauteremsha taratibu, kama mtu amlazaye mtoto,
nasubiri ule mlio mwembamba, tii,
wa kuniambia maji yamelala wapi leo.

Kabla yangu kazi hii ilikuwa ya Hajno.
Aliniachia buti za mpira zinazonipwaya
na daftari linalonuka tumbaku.
Aliandika kwa penseli, maana Januari
hapa Lusatia wino huganda ndani ya kalamu.

Machi 1971: mita nne na nusu. Vyura.
Machi 1976: mita kumi na tisa. Pampu zimeanza kaskazini.
Machi 1983: mita arobaini na moja.
Machi 1989: hakuna. Nimeshusha utepe wote. Nimesikiliza.

Fomu zetu za sasa hazina safu ya kusikiliza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini wao hawakuinama:
walikitoa kitanda nje,
wakamtoa na aliyekilalia,
wakautoa uvungu wenyewe.
Makaa yalikuwa yamelala chini ya maji;
kwa kila tani ya makaa wakavuta tani sita za maji,
usiku na mchana, Krismasi na Pasaka,
na mitambo mirefu kuliko mnara wa kanisa
ikaikwangua ardhi kama mtu akwanguaye ukoko.

Bi Lejna anaishi kilomita tatu kutoka ukingo wa shimo.
Siku moja ya Agosti alitumbukiza ndoo kisimani,
ikajibu ko! juu ya jiwe.
Kampuni ikamletea bomba, na kila mwezi ankara.
Miplamu yake ilikufa wima,
mmoja baada ya mwingine, kama watu kwenye foleni.

Kisha mgodi ukafungwa, pampu zikazimwa.
Maji yanarudi, tukaambiwa, na kweli yakarudi,
ila yalipitia kwenye kifusi,
humo ambamo hewa ilikwisha kuyachokonoa madini
yaliyolala tangu enzi bila kuonja pumzi.
Yamekuja na chuma. Yamekuja na uchachu.
Kijito cha Strugica sasa kina rangi
ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Jumanne Bi Lejna aliniita nishuke naye stoo ya chini.
Nikamulika tochi. Viazi vilikuwa vinaelea.
"Miaka thelathini nimeyangoja," alisema,
"leo yameingia bila hodi."
Akachovya kidole, akalamba.
"Kama kunyonya ufunguo."

Ofisini wameshaandika hitimisho:
visima mia mbili na kumi na viwili, wastani umepanda,
hali inaridhisha.
Sibishani na hesabu, mimi mwenyewe ndiye niliyepima.
Lakini wastani hauchotwi kwa ndoo,
haupikiwi supu,
na ng'ombe hawezi kuukataa kwa kugeuza shingo.

Leo asubuhi namba 47 imelia mapema:
mita tatu na nukta nane.
Juu kuliko mwaka ule wa vyura.
Nimejaza fomu. Halafu nimefungua daftari la Hajno,
chini kabisa ya ukurasa wake wa mwisho,
nimechonga penseli:
3.8. Nimesikiliza. Hakuna chura.

Kutoka kwa Bi Lejna inakuja sauti,
pampu ndogo, ya dukani, ya bei nafuu,
inayatoa maji stoo, inayamwaga barabarani,
na barabara inayateremsha tena kwake.