Kipande

Mhadhiri wetu, Njoro, hupiga meza akifika hapo:
ukoloni lazima ung'olewe na mizizi yake.
Tunaandika. Nje, trekta ya chuo inalima shamba
ambalo bado tunaliita kwa jina la Mzungu.

Kuhusu kung'oa, nina mwalimu mwingine.
Nyanya yangu Nyaguthii, ambaye jina lake ndilo langu,
alipalilia pareto miaka kumi na tisa
na hajawahi kung'oa kitu akiwa amesimama wima.

Babu alivishwa kipande shingoni,
kibati kikimgonga kifuani kama kengele ya mbuzi.
Hiyo tunaijua. Husimuliwa kila Krismasi,
na ami zangu huzima redio.

Nyanya hakuvishwa.
Katika daftari la bwana shamba alikuwa
"bibi ya namba 412, debe mbili."
Siku moja ya mvua: "bibi ya 412, hakuja."
Alikuwa amekuja. Alikuwa anamzaa baba yangu
nyuma ya banda la kukaushia maua.

Kisha bendera. Kisha foleni, Nakuru, ofisi ya ardhi,
babu akabadilisha kipande kwa kipande:
ekari tatu na nusu, muhuri, jina lake.
Karani mpya, mwenzetu, suti ya kijivu,
hakuuliza la nyanya. Fomu haikuwa na mstari wake.
Fomu ilikuwa ile ile; nembo ndiyo iliyobadilishwa.

Nikainua mkono, nikauliza
kama mzizi huo nao umo kwenye mtihani.
Akacheka kidogo, si kwa ubaya.
"Hayo ya wanawake yana somo lake.
Alhamisi, saa nane, kwa Daktari Kwamboka."

Alhamisi tukasoma wanawake wa mbali
waliochoka kufungiwa jikoni, wakadai kazi.
Nyanya nani alimfungia jikoni?
Kazi ndiyo iliyomfungia. Jiko alilifikia usiku.

Jumamosi nilimkuta akimenya viazi.
Nikamsimulia masomo yote mawili
kwa Kikuyu changu kinachochechemea.
Kwenye paji la uso wake bado upo mfereji
uliochimbwa na ukanda wa kikapu;
akinawa, maji hupita humo kwanza.

"Hao walimu wako wanajuana?"
Wanapishana koridoni, nikasema.
Akaguna. Akanisukumia beseni la maganda,
nikayamwaga kwa ng'ombe wa ami,
kwenye shamba la ami.