Nyinginezo

Fomu ya getini inauliza sababu ya kuja:
utalii, utafiti, nyinginezo.
Nikatia alama kwenye nyinginezo.
Karani akachungulia, akaguna, akanikatia stakabadhi.
Mama alizaliwa huko juu bila stakabadhi.

Tulianza jua halijavuka safu,
Kasyoma mbele na bunduki begani
(ya kupigia kelele tu, alisema),
mimi nyuma na goti langu la miaka hamsini na mitatu,
unga wa muhogo nimeufunga pembeni mwa khanga.

Nkungwe si mlima wa kutisha. Hauna theluji,
haumo kwenye noti wala kwenye chupa ya bia.
Mita elfu mbili mia nne na ushee,
na kila mita ina mzizi wake wa kukukwaa.

Bondeni sokwe walipiga yowe
kama watu wa arusi walioanza kula
wageni hatujafika.
Kasyoma akanitajia majina yao mmoja mmoja,
huyu mama yake nani, bibi yake nani,
nani alimpindua nani mwaka gani.
Nasaba imetunzwa vizuri.

Kwenye mianzi tukavuta pumzi. Nikamwuliza:
Na watu?
Watu gani, mama?

Basi nikamwambia. Mwaka ule wa vijiji
waliteremka na vinu vichwani, na kuku,
na bibi mmoja aliyegoma, akabebwa kwa machela
mpaka kwenye boti, akitukana njia nzima kwa Kitongwe,
matusi ambayo mama alikataa kunifundisha.

Chini ya kilele, penye tambarare ya mikeka miwili,
mafiga.
Mawe tu hayo, alisema Kasyoma.
Nikaligeuza moja. Tumbo lake jeusi,
masizi yamelala kifudifudi tangu siku ile.

Kileleni nikafungua pindo.
Nilitaka kuuweka unga kwa adabu, kama nilivyosimuliwa,
lakini upepo wa ziwani haukungoja;
nusu ukamwangukia Kasyoma kwenye sare.
Hakujipangusa. Ng'ambo, Kongo ilikuwa
mstari wa moshi.

Tukishuka akaniuliza, bila kugeuka:
Yule bibi wa machela,
jina lake nani?

Nikafungua mdomo.
Mama alimwita Bibi tu.

Goti likaanza kuuma kwenye mteremko.