Karatasi ya Nne

Machibya ametuma ramani kutoka Amerika,
karatasi nne, mikunjo imeanza kuchanika.
"Fundi Lugembe, nijengee hii hapo Kwihara.
Usipunguze, usiongeze."

Nikaitandaza juu ya mfuko wa saruji.
Sanduku.
Hatua kumi na mbili kwa kumi na mbili,
vyumba vinne chini, vinne juu,
kila kimoja na kona yake, kama wake wenza
waliogawiwa sawa asiwepo wa kununa.
Paa la migongo minne hadi kileleni,
na mbele, katikati ya bati,
kidirisha kimoja kimechomoza
kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje.
Baraza pana sawa na nyumba yenyewe,
nguzo nene, hakuna nakshi hata ya ukucha.

Mama Nyanzala akainama na miwani yake ya uzi:
"Pale juu kabisa analala nani?"
Hakuna, mama. Panaingiza mwanga tu.
"Mwanga wa kumwangazia nani?"
Kisha akacheka. Tembe la mkwe wake
lilikuwa hivi hivi, alisema, pande nne, kuta za kiburi,
ila paa lilikuwa bapa, la udongo,
masika yakizidi linaota majani, mbuzi wanalipanda.
"Nyie mmelisimamisha wima
mkalivika kofia."

Jiko akalikataa kuwa ndani.
Ngazi akazitazama, akazitazama magoti yake,
akachagua chumba cha chini, cha mkono wa kulia.

Karatasi ya nne sikuifungua
mpaka siku ya kuchimba msingi.
Huko juu, vile vyumba vinane,
alichora miraba mitupu tu,
hakuna kitanda, hakuna mlango unaofunguka upande wowote,
kama mtu anayeelezea nyumba aliyoiona akiwa barabarani.
Lakini karatasi ya nne ni ya chini ya ardhi:
tanuri la kupashia joto nyumba ya wengine,
bomba linalovuja, na beseni lake,
kitanda cha futi mbili na nusu,
msumari wa koti,
kadirisha usawa wa nyasi, na pembeni, kwa penseli:
*hapa huonekana viatu.*

Miaka kumi na tisa.
Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati.
Mama akauliza, hiyo nyingine inasemaje?
Nikamjibu: ni hesabu ya nondo.

Shimo sikulichimba. Nimepunguza, Machibya, nidai.
Na nimeongeza:
chumba cha juu, cha mashariki,
kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita,
dirisha linaloona miombo yote mpaka inapobadilika rangi,
na nyuma ya mlango, usawa wa bega lako
kama ninavyolikumbuka,
msumari mmoja.