Athari

Babu yangu alikuwa karani wa falaji, Nizwa.
Mchana aliyapima maji kwa kivuli cha ufito,
usiku kwa nyota,
na kila nusu saa wenyewe waliiita athari.
(Kwa Kiswahili cha nyumbani neno hilo hunishtua hadi leo.)
Mtu aliweza kununua athari ya Jumanne ijayo,
maji yaliyokuwa bado tumboni mwa mlima,
na hakuna aliyemcheka.

Mimi ni karani wa klabu ya kikapu.
Msimu huu tumeshinda mechi tatu kati ya ishirini na mbili.
Mwenyekiti anasema hatushindwi, tunajenga upya.
Nimeandika hivyo katika kumbukumbu za kikao:
tunajenga upya.
Kocha alikohoa.
Kikohozi sikukiandika.

Kisha wakaja watu wa Suhar
na tende, na mkoba mwembamba.
Walimtaka Mundhir.

Mundhir, miaka kumi na tisa,
mikono mirefu kama ya mtu anayepokea mzigo dirishani,
huruka kabla mpira haujajua utaangukia wapi.
Goti lake la kushoto hulia akipanda ngazi.
Najua, maana mimi ndiye ninayemnunulia barafu
kwa Mmalabari wa pale Firq.
Wageni hawakuuliza goti.
Sikuulizwa, sikusema.

Badala yake walitupa zamu mbili za kuteua chipukizi:
moja ya mwakani,
moja ya miaka sita kutoka sasa.
"Hiyo ya mbali ndiyo tamu," mwenyekiti akaninong'oneza.
"Wakati huo wao watakuwa wamezeeka, watashika mkia,
na wa kwanza kuchagua tutakuwa sisi."
Akahesabu kwa vidole, vikamwishia.
Nikampa kalamu.

Mbio za sakafuni, walisema wahenga,
lakini wao sakafu yetu hawakuiona,
mbao zilizovimba kwa unyevu wa kiyoyozi,
na ukingoni viti themanini, watu kumi na mmoja.

Nikapiga hesabu yangu pembeni mwa daftari.
Anayeteuliwa lazima awe ametimiza kumi na minane.
Toa sita.
Basi tumempata mtoto wa miaka kumi na miwili,
yuko Bahla, au Ibra, au Salala kwenye manyunyu,
anagombania rimoti na dada yake,
magego ya nyuma bado yanatafuta nafasi,
mama anamwita mara ya tatu aje ale,
na hajui kwamba tumeshambadilisha na mtu.

Mundhir amekosa mitupo mingi.
Tumeiona yote, imo katika daftari hili, kwa mwandiko wangu.
Yule mtoto hajakosa hata mmoja.
Ndiyo maana ni ghali.

Niliwahi kumuuliza Babu: na mwaka wa ukame?
Aliyelipia athari akakuta mfereji mkavu?
Akasema, huja na jembe lake vilevile,
hukaa ukingoni,
husikiliza.

Jioni Mundhir alikuja kuchukua viatu vyake, namba arobaini na tisa.
Bibi yake ni wa Wete kama mama yangu,
kwa hiyo tukiwa wawili hatusemi Kiarabu.
"Wamenibadilisha na nani, shangazi?"
Nilifungua daftari, kana kwamba jina lingekuwamo.
"Hajaja bado."
Akacheka, si kwa ubaya.
"Basi akija mpokeeni vizuri.
Mwonyesheni bafu lenye maji moto, lile la pili."

Nilimfungia barafu kwenye taulo la klabu,
ambalo halikuwa langu kulitoa.
"Waambie kuhusu goti," nikasema.
"Hawakuuliza," akajibu,
akainama kupita mlangoni kama alivyozoea,
ingawa mlango wetu ni mrefu.