Mistari Sita

Fomu ina mistari sita.
Sisi, tukizunguka sinia la ugali, ni saba,
na hakuna anayekula kidogo.

Salvina wa ofisi ya kata amefunga kalamu kwa uzi
isije ikahama na wananchi.
Ukutani waliandika methali ya kinga na tiba;
rangi imebanduka, limebaki neno moja: BORA.
Bora ipi, ndiyo niliyofuata.

Ananipangia karatasi tatu kama anagawa karata.
Hii nafuu: kaya nzima, mwaka mzima,
zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, basi.
Ukipewa rufaa kwenda mbele zaidi
kadi inabaki getini, unaingia wewe na pochi yako.
Hii ya pili inafika mpaka hospitali kubwa ya mjini,
ila ni ya mtu mmoja mmoja, kila kichwa na bei yake.
Ya tatu ina miwani, ina meno,
ina chumba chenye feni na kitanda cha peke yako.
Hiyo niliisoma kama mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa.

"Na nikilipa leo, naanza lini?"
"Siku tisini, mama."
Nikahesabu kwa vidole vyenye utomvu wa mizabibu:
pesa ya zabibu za Machi, kadi itaamka Juni,
kabla upepo wa Agosti haujainua vumbi la Veyula
na kulimwaga kifuani mwa Nyemo.

Maana mpaka leo bima yetu ilikuwa na pembe.
Mwaka juzi, saa saba usiku,
Nyemo akivuta pumzi kama mtu anayeburuta gunia,
tulimgongea Chitema na beberu kwenye kamba.
Chitema anajua: anayeuza mbuzi usiku hauzi, anaomba.
Alitoa nusu ya bei.
Nusu nyingine ililiwa na giza.

Nyumbani Mbeleje akasema,
"Na mwaka ukiisha hajaumwa mtu, hela yetu imekwenda wapi?"
Nikamuuliza, "Mlango ambao mwizi hajausukuma,
tuung'oe tuupikie?"
Akanyamaza, si kwa kukubali;
alikuwa anahesabu mbuzi.

Mama mkwe, Bibi Sechelela, hajui kusoma
lakini ndiye aliyeisoma karatasi kuliko sote.
"Mimi presha yangu ni vidonge vya zahanati tu,
sihitaji kadi ya kupanda ghorofa.
Niandikeni kwenye ile ya wengi.
Huyu mtoto ndiye mpewe inayovuka geti."
Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye fomu:
"Na siku nimefika dirishani na kadi, dawa haipo?"

Nililibeba swali hilo mpaka kwa Salvina.
Akazungusha kalamu mpaka uzi ukajisokota.
"Hilo, mama, kadi haijibu.
Uliza zahanati yenu kabla hujalipa."
Nilimwamini zaidi kwa hilo
kuliko kwa yote aliyokwisha kunisifia.

Nikajaza: mimi, Mbeleje, Yoeli, Chilewa,
Merisiana, Bibi.
Mistari ikaisha.
Kwenye karatasi ya pili, peke yake: Nyemo.
"Huyu ni wako wa kuzaa?"
"Wa kulea."
"Leta barua ya mtendaji."
Nikaileta. Siku mbili, na nauli ya bodaboda.

Jumamosi nikamswaga beberu hadi mnada wa Msalato,
jua la saa nne likimwonyesha meno, kwato, mgongo.
Wanunuzi wanne wakagombana juu yake.
Nilikuwa sina haraka, na walijua.
Nilimuuza mchana, kwa bei ya mchana.

Kadi zilipokuja, Nyemo aliikagua yake
mbele na nyuma, akaisogeza kwenye taa.
"Shangazi, mbona kwenye picha sicheki?"
Nikamwambia ndivyo walivyotaka.
Akaiweka chini ya mto.
Nje, Aprili, majani bado mabichi,
upepo haujaanza.